Kwenda Nyumbani na Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Ughaibuni

Ukurasa huu ni wa familia za Watanzania na Wakenya wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wenye watoto wachanga hadi wa miaka sita hivi. Karibu kila jibu hapa chini lina msingi mmoja: mzazi anarudi, lakini mtoto anakwenda. Mtoto aliyezaliwa Leicester au Minneapolis hajawahi kuumwa na mbu wa Kigoma, pasipoti yake inamhesabu mgeni, na usingizi wake unafuata saa za huko alikotoka. Wazazi wengi hupata taabu kwa sababu wanapanga safari kwa kumbukumbu zao wenyewe.

Mtoto awe na umri gani?

Hakuna umri rahisi, ila kila umri una taabu yake. Wa chini ya miezi mitatu tungemwacha asubiri, kwa sababu chanjo zake za kwanza bado hazijakamilika. Kati ya miezi minne na minane mambo huwa afadhali kuliko wengi wanavyodhani: ananyonya, hatembei, na kwenye ndege bado anatosha kwenye kitanda cha watoto. Mwaka mmoja hadi miwili na nusu ndio umri mgumu zaidi, maana anatembea, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na hawezi kukaa saa nane mahali pamoja. Miaka minne ni umri mzuri sana. Anacheza na binamu zake bila kuhitaji mkalimani, na atakumbuka.

Babu au bibi akiwa mzee au mgonjwa, hesabu zote hizi ziache. Nendeni.

Tiketi ya mtoto mdogo inahesabiwaje?

Chini ya miaka miwili mtoto hupakatwa, na kwenye safari za kimataifa mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kinachohesabiwa ni umri wake siku ya kila ndege. Akitimiza miaka miwili mkiwa Tanga, safari ya kurudi anahitaji kiti chake, na kukinunua wakati huo ni ghali kuliko kukikata tangu mwanzo.

Kitanda cha ndege hufungwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu ya kwanza ya viti. Ni vichache, vina kikomo cha uzito ambacho mara nyingi ni kilo 10 au 11, na haviji vyenyewe kwa kuwa tu umekata tiketi ya mtoto mchanga. Piga simu siku hiyohiyo uliyolipa, kisha piga tena siku chache kabla ya safari kuhakikisha. Ndege ikibadilishwa, ombi lako linaweza kupotea bila mtu kukuambia.

Twende miezi gani?

Desemba ndiyo kila mtu anayoitaka: ndugu wote wapo, mbuzi anachinjwa, na Moshi hujaa Wachaga waliotoka pande zote za nchi. Pia ndio mwezi wa nauli kubwa na mabasi yaliyojaa. Juni hadi Agosti ni kavu na kuna ubaridi. Arusha, Njombe, Mbeya na Nairobi mtoto atahitaji sweta, jambo ambalo wazazi husahau kwa kuwa wanafungasha nguo za "Afrika". Januari na Februari nauli hushuka, lakini Dar es Salaam na Mombasa joto huwa kali. Masika, yaani Machi hadi Mei, barabara za vijijini huwa tope na mbu huongezeka.

Kama hakuna mtoto aliyeanza shule, tumieni uhuru huo. England, tangu Agosti 2024, faini ya kumtoa mtoto shule bila ruhusa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na huwa 160 baada ya hapo. Ujerumani nayo hutoza faini, na mwalimu mkuu si lazima akubali kwamba harusi ya shangazi ni sababu.

Mtoto wetu ana pasipoti ya nje. Anahitaji viza kuingia Tanzania?

Ndiyo, kama hana pasipoti ya Tanzania, hata akiwa wa wiki sita. Viza ya kawaida ni dola 50, na mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Ombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Fanya wiki tatu au nne kabla. Picha ya mtoto mchanga ndiyo hukwamisha wengi. Mlaze juu ya shuka jeupe, piga kutoka juu, mkono wa mtu usionekane.

Wanaokwenda Zanzibar wakiwa na pasipoti za kigeni wanatakiwa pia kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Mtu mzima hulipa dola 44. Bima yako ya Ulaya haichukui nafasi yake.

Na uraia wa Tanzania je?

Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili hadi afikishe miaka 18. Aliyezaliwa nje ni Mtanzania iwapo siku anazaliwa baba au mama alikuwa raia, na uraia wa mzazi huyo haukuwa wa kurithi. Hapo ndipo familia mbili hukwama. Ya kwanza ni ile ambayo mzazi alikwisha chukua uraia wa Uingereza au Marekani kabla mtoto hajazaliwa. Ya pili ni ile ambayo mzazi mwenyewe alizaliwa ughaibuni, kwa hiyo hana cha kumrithisha mwanawe.

Kenya ikoje?

Ni nyepesi zaidi. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na mtoto wa Mkenya wa kuzaliwa ni Mkenya wa kuzaliwa hata akizaliwa Toronto. Aliyepoteza uraia wa Kenya zamani kwa kuchukua mwingine anaweza kuomba kurudishiwa. Asiye na pasipoti ya Kenya wala ya nchi iliyosamehewa anahitaji kibali cha kusafiri cha kielektroniki, eTA, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024. Watoto nao wanahesabiwa, kila mmoja na ombi lake.

Pasipoti ya mtoto inachukua muda gani?

Ianze kabla ya tiketi. Marekani, mtoto wa chini ya miaka 16 anatakiwa kufika na wazazi wote wawili, au asiyekuwepo atoe fomu ya ridhaa iliyothibitishwa na mthibitishaji. Pasipoti inadumu miaka 5. Uingereza pia ni miaka 5. Ujerumani iliacha kutoa pasipoti ile ya watoto ya papo kwa papo tangu Januari 2024, na sasa mtoto hupewa pasipoti ya kawaida ya miaka 6, inayochukua wiki kadhaa. Hesabu pia miezi sita ya uhai wa pasipoti kuanzia siku ya kuingia.

Mtoto mwenye uraia wa Marekani lazima atoke na kuingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani. Ya pili aibebe pia, aitumie upande wa nyumbani.

Nasafiri na watoto bila mwenzangu. Niwe na nini?

Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto chenye majina ya wazazi wote, barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki iliyothibitishwa na mwanasheria, nakala ya pasipoti yake, na namba ya simu atakayopokea hata usiku. Mama ambaye jina lake la ukoo ni tofauti na la mtoto huulizwa mara nyingi zaidi, na kwa kawaida swali huja wakati wa kutoka Ulaya, si wa kuingia nyumbani. Mzazi mwenza akiwa amefariki au mkiwa mmeachana, beba hati inayoonyesha hivyo.

Chanjo zianze lini?

Wiki nane kabla, kwa sababu baadhi haziwezi kuchomwa karibukaribu. Surua na homa ya manjano zote ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Marekani zinaweza kutolewa siku moja au zipishane siku 28. Uingereza hupendelea zipishane wiki 4. Ukifika kliniki siku kumi kabla ya safari, mtoto atakosa moja.

Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri anaweza kupewa dozi ya mapema ya surua. Dozi hiyo haihesabiwi. Zile mbili za kawaida bado atazipata baada ya kutimiza mwaka. Chanjo ya homa ya matumbo ni kuanzia miaka 2, ya homa ya ini A kwa kawaida kuanzia mwaka 1. Mkiwa Uingereza, ulizeni kuhusu BCG, chanjo ya kifua kikuu: watoto wachanga ambao mzazi au babu na bibi wamezaliwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi hupewa, ila wakati mwingine lazima mzazi mwenyewe aitaje.

Tunahitaji kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano?

Inategemea njia, na hapa ndipo wengi hukamatwa. Anayetoka moja kwa moja Ulaya kwenda Dar es Salaam haulizwi. Lakini Kenya na Ethiopia ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti kwa kila anayetoka huko mwenye mwaka mmoja na zaidi. Kubadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa kwa muda usiozidi saa 12 si tatizo. Kushuka Nairobi, kukaa siku tatu kwa mama mdogo, kisha kupanda basi la Arusha kupitia Namanga ni tatizo kama hamna kadi.

Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na cheti hakiishi muda maisha yote. Hapewi mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa kawaida husubiriwa hadi miezi 9.

Malaria: sisi tulikua nayo. Kweli mtoto anahitaji dawa za kinga?

Kweli, tena zaidi ya mtalii. Mtalii hulala hotelini siku saba. Mtoto wako atalala wiki nne nyumbani kwa watu, atakaa nje jioni akicheza, na atapelekwa hadi kijijini. Kinga mliyojenga utotoni hairithiwi, na hata ya kwenu wenyewe hupungua mkikaa miaka mbali na mbu. Uingereza, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria ni watu waliokwenda kusalimia ndugu.

Dawa hupangwa kwa kilo, si kwa umri, kwa hiyo mpime mtoto wiki ya kwenda kwa daktari. Malarone ya watoto, au ile ya bei nafuu yenye dawa ileile, hutolewa kuanzia kilo 5. Wa kilo 10 hadi 20 humeza kidonge kimoja cha watoto kwa siku, na wa chini ya hapo hupewa sehemu ya kidonge kama daktari alivyoandika. Inaanza siku 1 au 2 kabla na kuendelea siku 7 baada ya kuondoka. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe, hivyo saga uchanganye na maziwa au siagi ya karanga. Uji mtupu wa maji haufai. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki na huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Inawafaa wanaokataa dawa kila siku, lakini si wenye historia ya kifafa. Doksisaiklini si ya watoto wadogo.

Kosa linaloleta wagonjwa wengi hospitalini baada ya safari ni kuacha dawa siku ya kutua Heathrow. Siku saba zile za mwisho ndizo zinazoua vimelea vilivyoingia siku ya mwisho.

Dawa peke yake haitoshi. Beba chandarua chenye dawa, na kwa mtoto anayelala kwenye kitanda chake cha kukunja beba kidogo cha kumtosha. Chumba cha wageni nyumbani mara nyingi kina chandarua kimoja, tena kimetoboka. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu yenye DEET inaruhusiwa kuanzia miezi 2. Paka mwenyewe kwenye kiganja chako kisha umpake, usimpake mikononi maana atailamba.

Hatari hailingani kila mahali. Nairobi mjini ni ndogo. Kanda ya Ziwa pande zote mbili, yaani Kisumu, Homa Bay, Mwanza, Geita, Kagera, pamoja na Kigoma, Lindi na Mtwara, ni kubwa. Zanzibar imepungua sana lakini haijaisha. Usimwambie daktari "tunakwenda Nairobi" kama wiki mbili kati ya tatu mtakuwa Siaya.

Mtoto akipata homa tukiwa huko?

Apimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi zahanati za vijijini na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Usikubali dawa kabla ya kipimo, wala usiridhike na "ni uchovu wa safari". Akishikwa na degedege, akilegea, akitapika kila kitu au akikataa kunyonya, nendeni hospitali kubwa bila kupitia duka la dawa. Hospitali binafsi nyingi hudai malipo ya awali kabla ya kulaza, kwa hiyo wekeni fedha ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuitoa mara moja. Bima ya safari mkate kabla hamjaondoka, na soma kama inalipia kusafirishwa kwa ndege kutoka mkoani.

Masikio kwenye ndege?

Anyonye wakati wa kushuka, si wa kupaa. Maumivu huja ndege inapoteremka, na huanza kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo usimmalizie maziwa mapema.

Maziwa yake yatapita kwenye ukaguzi?

Maziwa ya mtoto, maji ya kuchanganyia na dawa yanaruhusiwa kuzidi mililita 100. Yatoe mfukoni uyaonyeshe mwenyewe. Maziwa ya unga pima kwenye vikopo vidogo, kila kikopo chupa moja, na uhesabu chupa za safari nzima ukiongeza za saa 12 zaidi. Ndege huchelewa.

Pampasi na maziwa ya kopo tubebe au tununue?

Pampasi nunueni huko. Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na Mombasa zipo za kila saizi, na hata miji midogo hukosi. Beba za siku nne. Maziwa ya kopo ni jambo jingine: jina la kampuni linaweza kuwa lilelile na mchanganyiko ukawa tofauti, na maziwa maalumu ya mtoto mwenye mzio mara nyingi hayapatikani. Beba yote, gawa kwenye masanduku mawili, ili moja likichelewa jingine liwepo.

Kuchanganya, tumia maji yaliyochemka na kupoa hadi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, si maji ya uvuguvugu, kwa sababu unga wenyewe hauna uhakika wa kuwa bila vijidudu. Kisha poza chupa ndani ya maji baridi. Chupa ya thermosi asubuhi na jioni inatosha.

Nepi chafu msifunge kwenye mifuko ya plastiki ya madukani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na mifuko ya maduka ya uwanja wa ndege inaweza kuchukuliwa mkishuka.

Tubebe kiti cha gari?

Bebeni. Mashirika mengi huchukua kiti cha mtoto bila malipo. Teksi za kuita kwa simu hazina. Chagua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida wa pointi tatu, usitegemee vishikizo vya chuma. Kwenye Noah na magari madogo ya Kijapani mkanda wa katikati mara nyingi ni wa kiunoni tu, hivyo kiti kikae pembeni. Kabla ya kumkubali mjomba aje kuwapokea, muulize kama mikanda ya nyuma inatoka. Mara nyingi imefichwa chini ya kitambaa cha kupambia viti, na atacheka, lakini ataitoa.

Bodaboda na mtoto mchanga, hapana. Safari ndefu za usiku, hapana. Kwa familia treni imebadilisha mambo: Mombasa hadi Nairobi ni kama saa tano, na tangu 2024 Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Morogoro mtoto anaweza kutembea ndani ya behewa badala ya kulia kwenye basi.

Atalala lini?

Kutoka Uingereza tofauti ni saa 2 au 3, mtarekebisha kwa siku mbili. Kutoka New York ni saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi: saa mbili usiku ya kwake ni saa kumi alfajiri ya Arusha. Wiki ya kwanza ataamka saa saba usiku akitaka kula, na atataka kucheza. Wekeni chakula karibu na kitanda, taa ndogo, na mpeane zamu. Asubuhi mtoeni juani mapema, usingizi wa mchana usipite saa moja na nusu. Siku tatu za kwanza msipange ziara yoyote, hata ya jirani. Wageni watakuja wenyewe.

Tulale kwa wazazi au hotelini?

Usiku wa kwanza kwa wazazi, hili halina mjadala kwa familia nyingi. Kama nyumba ni ndogo au maji ni ya shida, semeni mapema kwenye simu, si mkiwa na mabegi mlangoni: "Tutalala kwenu siku nne, kisha tutachukua chumba karibu ili watoto walale mchana." Sababu ya watoto hupokelewa. Sababu ya "hatujazoea" huumiza.

Beba poti. Mtoto aliyezoea choo cha kukaa atakataa choo cha shimo, hasa usiku, na wengine hufunga choo siku tatu hadi kuumwa tumbo.

Bibi anataka kumpa vitu ambavyo hatuvitaki. Tufanyeje?

Kwanza tenganisheni vitu vya kupigania na vya kuachia. Pipi, soda kidogo, kulala amechelewa, kubebwa mgongoni kwa kanga mchana kutwa: achia, safari itaisha. Vya kukataa ni hivi. Maji na uji kabla ya miezi sita. Asali kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambayo utumbo wa mchanga haujaweza kuizuia. Wanja machoni, kwa sababu aina nyingi zina madini ya risasi. Uji wa lishe wenye karanga na soya kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja karanga. Mwonjeshe kwanza kule mnakoishi, palipo na hospitali karibu. Na kabisa kabisa, kukatwa kimeo au kung'olewa "meno ya plastiki", yaani meno ya mtoto ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Mtoto akiwa na kikohozi au kuhara kisichoisha, bado kuna watakaopendekeza kwa nia njema, na wanaweza kufanya wakati umekwenda sokoni. Mtoto hutoka damu, huambukizwa, na ugonjwa wenyewe hubaki.

Anayesema ni mtoto wa mwenye nyumba, si mkwe. Kama ni mama wa mume, mume ndiye azungumze, faraghani, kabla wageni hawajafika. Maneno yanayofanya kazi: "Mama, daktari wake amekataza hadi afike mwaka." Kubishana kwa kile ulichosoma huonekana kama kumdharau aliyekulea. Kisha mpe bibi kazi yake: kumwogesha, kumlaza, kumfundisha nyimbo. Mwenye kazi hatafuti nyingine.

Akiharisha?

Kinachoua ni ukosefu wa maji mwilini. Pakiti moja ya ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kwenye maji safi ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena polepole. Pamoja nayo zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kama hajafika miezi sita. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa si vya kurundika. Anayenyonya aendelee kunyonya. Damu kwenye choo, macho au utosi kubonyea, au kutokojoa tangu asubuhi ni safari ya hospitali.

Nini kingine cha kuangalia nyumbani?

Jiko la mkaa liko chini, kwenye kimo cha mtoto. Maji ya kuoga hubebwa ya moto kwenye ndoo na kuachwa sakafuni "mara moja". Mafuta ya taa huwekwa kwenye chupa za soda, na mtoto wa nje anajua chupa ile ni kinywaji. Mapipa ya maji hayana vifuniko. Zungukeni nyumba nzima saa ya kwanza mlipofika, na muwaombe binamu wakubwa wawe walinzi. Wanaipenda kazi hiyo.

Akiumwa na mbwa au paka, hata kama ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mkatafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Ziwa Victoria na mito iliyotulia ina kichocho, kwa hiyo asiingie majini. Viatu muda wote, kwa ajili ya funza. Nguo, kanga na mashuka yaliyoanikwa nje yapigwe pasi pande zote, hasa pwani, maana kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na mabuu yake huingia kwenye ngozi.

Hajui Kiswahili. Ndugu watatusema?

Watawasema. Ila mtoto anayetamka "shikamoo" bila kusukumwa husamehewa mengine yote. Miezi miwili kabla, mfundishe salamu, "asante", "naomba maji", "sitaki, asante", na "nataka kukojoa". Tengeneza ukuta wa picha za ndugu na majina anayopaswa kuwaita: mama mkubwa, baba mdogo, shangazi, mjomba. Kwa Wakenya, bibi wa upande mmoja anaweza kuwa cucu au dani, na nyanya kwa wengine. Kupokea kwa mkono wa kulia. Simu za video za kila wiki husaidia kuliko katuni, kwa sababu akifika atakuta sura anazozijua.

Asilazimishwe kukumbatiwa na watu thelathini siku ya kwanza. Mpakate wewe, wageni wamsalimie akiwa kwako.

Zawadi na fedha tupange vipi?

Andikeni orodha ya majina kabla ya kununua, na mtenge bahasha tatu: wazazi, dharura, na "wengine". Ya tatu ikiisha imeisha. Nguo za watoto zilizotumika vizuri hupokelewa kwa furaha na wenye watoto wadogo, mkizipeleka faraghani. Msigawe zawadi mbele ya watu kama hazitoshi wote.

Kuna msiba. Twende na watoto?

Kutoa pole ni lazima, kulala msibani na mtoto mchanga si lazima. Nendeni asubuhi, keti, toa rambirambi, mzazi mmoja abaki na watoto nje. Watu wanaelewa mkiaga kwa heshima.

Tutembelee ndugu wangapi?

Wachache kuliko mnavyotaka. Kanuni inayofaa ni nyumba moja kwa siku, na siku moja tupu baada ya kila siku mbili. Walio mbali waalikwe sehemu moja: Jumapili kwa babu, kila mtu aje, mchangie pilau. Ni nafuu kuliko kuzunguka mikoa mitatu na mtoto anayetapika garini.

Tumerudi. Kuna la kufanya?

Malizeni dawa za malaria. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata kama chekechea nzima ina mafua, nendeni hospitali siku hiyo na mseme kwa maneno haya: "Ametoka Tanzania, tunaomba apimwe malaria leo." Msiposema hawatawaza. Kipimo cha kwanza kikiwa hasi na homa ikaendelea, kirudiwe.

Walioongeza muda wa kukaa waangalie kibali chao. Ujerumani, kibali cha kuishi kwa kawaida hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu ya Marekani huanza kuulizwa maswali baada ya miezi sita, na akizidisha mwaka bila hati ya kurejea, kadi inaweza kukataliwa.

Bibi amejaza begi chakula. Kipi kitapita?

Kuingia Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa hayapiti, pamoja na samli na nyama iliyokaushwa, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Dagaa na samaki wakavu wanapita hadi kilo 20, asali hadi kilo 2. Ndizi, nanasi na nazi zinaruhusiwa. Maembe hayaruhusiwi bila cheti cha afya ya mimea. Marekani andika kila kitu kwenye tamko la forodha: kilichotamkwa kikikataliwa hutupwa tu, kilichofichwa hutozwa faini.